Bundi Juu ya Mlango wa Maktaba: Uchambuzi wa Kisa cha Ujiji

Shule moja ya msingi upande wa Ujiji, mkoani Kigoma, ilipata maktaba. Chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu kilipigwa lipu upya, kikawekwa rafu, vitabu vikaletwa kwa maboksi, na mchoraji akaitwa apendezeshe ukuta wa mbele. Juu ya mlango, pale bati linapokutana na ukuta, akamchora bundi mkubwa aliyevaa miwani, amesimama juu ya vitabu vitatu. Muda si mrefu watoto wa awali na wa madarasa ya chini wakawa hawataki kuingia. Wazazi wakanung'unika, kamati ya shule ikaitisha kikao, na mwalimu mkuu akaomba apatikane mtu anayefundisha sanaa aje awaeleze wazazi kwamba bundi ni alama ya hekima. Nikaitwa mimi.

Nilikwenda, lakini sikueleza hivyo. Nilitaka kwanza kuiona picha yenyewe, na nilipoiona niliamini kwamba wazazi walikuwa na hoja nzito kuliko walivyopewa nafasi ya kuisema. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kuta zetu zinachorwa kwa kasi siku hizi, za shule, za zahanati, za vituo vya kulelea watoto, na picha nyingi zinatoka kwenye simu ya mchoraji. Picha inahama kwa sekunde chache. Maana yake haihami nayo. Inabaki kule kwa watu waliokubaliana juu yake.

Ukuta wenyewe

Mchoraji ni kijana wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, anayejulikana kwa mabango ya saluni na maduka ya vipodozi. Mkono wake ni mzuri, na hilo nalisema mapema kwa sababu kwenye kikao alitupiwa lawama nyingi ambazo hazikuwa zake. Manyoya aliyachora unyoya kwa unyoya kwa brashi nyembamba, kahawia juu ya njano iliyofifia, na kifuani akaacha madoadoa. Uso aliupaka mweupe, wa mviringo. Alitumia rangi ya mafuta, maana ukuta ule unapigwa na mvua na rangi ya maji isingedumu. Kila jicho lilizidi kiganja changu: mboni nyeusi, pete ya njano kuizunguka, kisha tone jeupe pembeni ili jicho lionekane lina uhai. Juu ya macho akapitisha vanishi mara mbili. Miwani ilikuwa mstari mwembamba wa kijivu. Vitabu vilikuwa vidogo, vimebanwa kati ya kucha na fremu ya mlango.

Mchana, ukisimama uwanjani, unamwona babu mpole mwenye mabawa. Mwalimu mkuu aliiona picha mchana, na wafadhili waliopiga nayo picha waliiona mchana.

Ila chini ya bati lile imefungwa taa ya sola ya kulinda mlango, na watoto wengi wa mtaa huo husoma madrasa jioni na kurudi nyumbani baada ya isha, njia yao ikipita mbele ya shule. Nilikwenda kusimama kwenye njia hiyo usiku. Miwani haikuonekana. Vitabu havikuonekana. Manyoya yote yalimezwa na giza. Vilivyobaki ni viduara viwili vya njano vinavyong'aa juu ya mlango, kwa sababu vanishi inaurudisha mwanga na lipu haiurudishi. Watoto waliposema "linatuangalia" walikuwa wanaripoti walichokiona. Hawakuwa wanabuni.

Kuna na mahali alipowekwa. Ukimwuliza mtu wa Kigoma bundi anayeleta habari mbaya hutua wapi, atakujibu bila kufikiri: juu ya nyumba. Mchoraji alimweka papo hapo, kwenye ukingo wa paa, anatazama nje. Aliniambia alichagua pale kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, madirisha yalikuwa yamemaliza pande zote mbili. Nafasi ya ukuta ikawa imeamua maana ya picha kabla ya mtu yeyote kuijadili. Bundi yuleyule angechorwa kwenye tawi, ubavuni mwa jengo, nadhani kelele zingekuwa nusu.

Kikao

Mwalimu mkuu alifungua kwa ukali. Shule ni mahali pa elimu, alisema, na tukiuendekeza ushirikina leo, kesho mtatuambia tufute na ramani ya Afrika. Wazazi wengi waliinama. Neno ushirikina likishatajwa, nani atasimama?

Alisimama mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi. "Mwalimu, mimi sijasema shule ina mchawi. Nasema mwanangu alikuwa anapenda vitabu, sasa tukifika pale ananing'ang'ania kanga. Nimfanyeje?"

Kwangu mimi hayo ndiyo maneno makubwa ya kisa chote. Yule mama alitenganisha vitu viwili ambavyo mwalimu mkuu alikuwa amevifunga pamoja. Mtu anaweza asiamini hata kidogo kwamba bundi analeta kifo, na bado akasoma kifo anapomwona bundi juu ya mlango. Kusoma picha hakuhitaji imani. Mwalimu mkuu mwenyewe alisoma hekima pale pale bila kuwahi kumwabudu mungu wa kike wa Wagiriki ambaye ndege huyo alikuwa wake. Wote wawili walikuwa wanasoma kwa mazoea waliyoyakuta. Tofauti ni kwamba mazoea ya mmoja yalikuja na vitabu na ya mwingine yalikuja na bibi yake.

Jambo lililozidisha moto ni kwamba wiki ileile mzee mmoja jirani wa shule alifariki. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu na mtaa mzima ulijua. Hata hivyo habari ikazunguka kwamba bundi ameshaanza kazi. Hapa napenda tuwe waadilifu kwa ndege na kwa watu. Bundi huwinda panya, na panya hufuata nafaka na nyumba za watu, kwa hiyo bundi naye husogea. Hutoka usiku. Kingo za manyoya yake ya bawa zimechanika kama pindo, zinavunja mvumo wa hewa, ndiyo maana anapita bila sauti. Macho yake hayazunguki ndani ya fuvu, kwa hiyo hugeuza kichwa kizima, hadi karibu robo tatu ya duara. Na nani huwa macho usiku wa manane amsikie akilia? Nyumba yenye mgonjwa. Nyumba nyingine zimelala. Walio karibu na kifo ndio wanaomsikia bundi, na kesho yake habari mbili zinasimuliwa kwa pumzi moja. Wazee hawakuzua, waliunganisha vitu walivyovishuhudia pamoja, ila waliviunganisha kwa mpangilio usio wake.

Shehe wa msikiti wa jirani alizungumza baada ya huyo mama, taratibu. Alikumbusha kwamba Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini mtu aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi hutokwa na ndege kichwani, hama, anayelia akitaka anyweshwe mpaka damu ilipwe, na wengi walisema ndege huyo ni bundi. Mtume alilikanusha jambo hilo kwa hadithi iliyo katika Bukhari: hakuna hama. "Kwa hiyo mwenye kuamini ndege anaua, arudi kwenye dini yake," alisema. Mwalimu mkuu akatabasamu, akadhani amepata shahidi. Shehe akaendelea: "Lakini mwalimu, kutoamini si sababu ya kumtisha mtoto mlangoni."

Wapo pia wazazi waliosema viumbe vyenye roho visichorwe kabisa. Hoja hiyo haikwenda mbali, kwa kuwa ukuta wa darasa la awali una ng'ombe, samaki na kuku tangu zamani na hakuna aliyelalamika.

Hekima ya nani?

Ilipofika zamu yangu nilisema kwamba bundi wa hekima ana kwao. Anatoka Athene. Wagiriki wa kale walimhusisha na Athena, mlinzi wa mji ule, na katika karne ya 5 kabla ya Kristo sarafu za fedha za Athene zilikuwa na kichwa cha Athena upande mmoja na bundi mdogo upande wa pili, tawi la mzeituni nyuma yake. Sarafu ya euro 1 ya Ugiriki leo imenakili bundi huyohuyo. Kwa Mwathene bundi alikuwa mtaani, kwenye mawe ya Akropoli, kilima cha mahekalu ya mji huo, na mfukoni. Maana ilikuwa imemzunguka pande zote.

Sasa vuka bahari kidogo uende Roma. Warumi walimlinganisha Athena na mungu wao wa kike, Minerva, lakini hofu yao ya bundi walibaki nayo. Pliny, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, anamwita ndege wa mazishi, na anasimulia jinsi bundi mmoja alivyoingia ndani ya hekalu la Kapitoli, mji mzima wa Roma ukafanyiwa utakaso kwa ajili hiyo. Dola kubwa kama ile ilisafisha mji kwa sababu ya ndege mmoja. Nilipolisema hili, mzee mmoja wa kamati aligeuka akamtazama mwalimu mkuu kwa muda mrefu.

Na ile miwani ndiyo yenye habari ya kushangaza zaidi. Waholanzi wana msemo wa zamani kwamba mshumaa na miwani havimfai kitu bundi asiyetaka kuona. Katika karne ya 17 wachoraji wao waliutumia msemo huo kwa picha. Jan Steen alichora mume na mke waliolewa chakari huku wezi wakibeba mali zao, na ukutani nyuma yao akatundika kijipicha cha bundi mwenye miwani na mshumaa. Mchoro huo uko katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Bundi mwenye miwani pale ni mpumbavu, kiumbe aliyepewa kila nyenzo ya kuona na bado hakuona. Kwa hiyo ukimchukua Mholanzi wa enzi hiyo ukamsimamisha mbele ya maktaba yetu ya Ujiji, angesoma: humu wanaingia wasiofundishika. Mchoraji Mhispania Goya naye, mwaka 1799, alichapisha picha ya mtu aliyelala juu ya meza yake ya kazi huku bundi na popo wakimzonga. Ni viumbe vinavyotoka akili inaposinzia. India bundi ni kipando cha Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na papo hapo kumwita mtu bundi ni kumwita mjinga.

Sikuyataja haya ili kuwashinda wazazi kwa elimu ya mbali. Nilitaka mwalimu mkuu aone kwamba hata huko anakodhani bundi ana maana moja iliyotulia, hana. Kilichofika Ujiji ni kipande kimoja tu cha habari ndefu: katuni ya vitabu vya watoto. Mchoraji alisema ukweli mtupu alipojitetea: "Nilitafuta picha za maktaba kwenye simu, na kila nilikofungua nilimkuta bundi." Alinakili alama iliyokuwa imekwisha kukatwa na mizizi yake yote, akaipanda kwenye udongo ambao tayari ulikuwa na mmea wake.

Kofia ya Stanley

Mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitoa mwaka 1939 njia ya kusoma picha ambayo mpaka leo naifundisha. Kwanza unaona umbo: kuna nini hapa, bila kutafsiri. Kisha unauliza mazoea: watu wa mahali hapa hukielewaje kitu hiki. Mwisho unauliza picha hiyo inafichua nini juu ya watu walioitengeneza na zama zao, hata pale wasipokusudia. Mfano wake wa kwanza haukuwa mchoro. Ulikuwa mtu anayekutana na rafiki njiani akainua kofia. Kwa macho tu ni kitambaa kinachopanda na kushuka. Kuwa ni salamu, hilo linajulikana tu na anayetoka kwenye mazoea hayo, ambayo Panofsky aliyarudisha hadi kwa wapiganaji wa Ulaya waliovua helmeti kuonyesha wamekuja kwa amani.

Sisi wa Kigoma mfano huo tunao nyumbani. Mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari na msafiri Livingstone hapa Ujiji, aliandika mwenyewe kwamba alivua kofia akasema maneno yake yaliyokuja kujulikana dunia nzima, na Livingstone akainua yake kidogo. Waliokuwa wamewazunguka ni Waarabu na Waswahili wa Ujiji, watu wa vilemba na kofia, ambao heshima kwao ni kubaki umefunika kichwa. Wazungu wawili wakasalimiana kwa ishara ambayo umati mzima haukuizoea. Pale pale kwenye eneo la kumbukumbu kuna jiwe lenye ramani ya Afrika iliyopitiwa na msalaba. Aliyelisimamisha alikusudia kazi ya dini na safari. Nimewasikia wanafunzi waliopelekwa kutembea wakidai Livingstone amezikwa chini yake, kwa sababu kwao msalaba juu ya jiwe ni kaburi. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, moyo wake ukazikwa huko na mwili ukapelekwa Westminster Abbey, London. Wanafunzi wamekosea historia, lakini jiwe wamelisoma kwa kanuni ambayo makaburi yote ya Wakristo waliyoyaona yamewafundisha.

Nikiurudisha ukuta wetu kwenye ngazi ile ya tatu, picha ya bundi inafichua hivi: shule ilijitayarisha kupigwa picha na wageni zaidi ya kukaliwa na watoto wake. Nililisema hili kikaoni, na nalisema tena hapa bila kumkusudia mtu ubaya. Mwalimu mkuu alihangaika miaka kuipata ile maktaba. Alitaka ifanane na maktaba anazoziona vitabuni. Hiyo ni shauku ya haki kabisa, ila ilimfanya aulize "maktaba zinakuwaje?" asiulize "nani atapita chini ya mlango huu kila siku?"

Kwa nini wasifundishwe tu?

Mwalimu wa darasa la saba aliuliza swali gumu kuliko yote, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema: alama zote zilifundishwa. Watoto hawazaliwi wakijua mwenge ni tumaini. Kwa nini tusiwafundishe kwamba bundi ni hekima, vizazi viwili vikapita, yakaisha?

Ni kweli alama hutengenezwa, na nchi hii imetengeneza zake kwa makusudi. Tarehe 22 Oktoba 1959, kwenye Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alisema tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na matumaini. Mwaka 1961 mwenge ukapandishwa kweli, na tangu mwaka 1964 umekimbizwa vijijini mwaka baada ya mwaka. Uko kwenye nembo ya taifa, juu ya jembe, shoka na mkuki. Lakini tazama ulichohitaji: hotuba, mlima, sherehe, nyimbo za shuleni, miongo ya kurudia. Juu ya hayo, moto gizani ulikuwa tayari ni faraja kwa kila mtu. Mwenge ulipanda mteremko uliokuwa unaelekea upande wake.

Bundi angepanda kilima. Inawezekana kumpandisha, siwezi kusema haiwezekani, ila gharama ya jaribio ingelipwa na mtoto wa miaka sita anayekwepa chumba cha vitabu muhula huu. Maktaba ina kazi moja, watoto waingie. Mlango si mahali pa kumbadilisha mtu mawazo juu ya ndege.

Mahali pa kufanya hivyo ni ndani, na hili nimelichukua kwa jirani zetu. Usukumani, kaskazini mwa Tabora, kulikuwa na chama cha mafundi wa nyoka, Bayeye, waliojua kuwakamata na kutibu walioumwa. Ndani ya nyumba za chama walichora nyoka ukutani, pamoja na viumbe na mambo mengine ya mafunzo yao. Hans Cory, aliyefanya kazi ya utafiti wa mila Tanganyika, alizichapisha picha hizo mwaka 1953. Nyoka ni mnyama wa kutisha huko kama popote pengine. Ila picha zile zilikaa ndani, mbele ya watu waliokwisha kuingia chama, pamoja na mwalimu wa kuzieleza. Kitu cha kutisha kilichorwa kwa ajili ya elimu, na hakuna mpita njia aliyeshtuliwa nacho.

Pendekezo langu la kwanza likatoka hapo, na kamati ililipokea: bundi wa mlangoni afutwe, na mchoraji amchore upya ndani, kwenye ukuta wa wanyama, akiwa juu ya tawi na panya kuchani, chini yake jina lake na chakula chake. Macho bila vanishi.

Kitakachokaa mlangoni

Kikao kilirefuka hapa. Sungura alitajwa kwanza, kwa kuwa ndiye mwerevu wa hadithi zetu. Baba mmoja akasema sungura ni mjanja, na kila hadithi aliyosimuliwa ilimalizikia sungura ameiba au amedanganya. Hataki mtoto wake afundishwe kwamba kusoma ni kujua kulaghai. Sungura akaisha hivyo.

Kisha akapendekezwa mwembe, na chumba kizima kikachangamka. Ujiji bila miembe si Ujiji. Wapo waliosoma Kurani kwa mara ya kwanza chini ya mwembe, vikao vya ukoo vinakaliwa chini ya mwembe, na ule uliowafunika Stanley na Livingstone inasemekana vipandikizi vyake bado viko kwenye eneo la kumbukumbu. Mwalimu mkuu aliona amepumua. Mwembe hauna shida na mtu.

Mzee mmoja, mzaliwa wa Ujiji ambaye siku nzima hakuwa amesema, akaomba nafasi. "Wanangu, miembe mikubwa mnayoiona imefuatana barabarani, mnajua ilifuata nini?" Walio wengi walijua, ila hakuna aliyelitaja. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na miembe iko kwenye njia ile. Chini ya vivuli vile walipumzishwa wenye pembe za ndovu mabegani na wenye minyororo shingoni. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya awali ya maeneo yanayoweza kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe.

Nilitegemea mwembe nao utaanguka kama sungura. Haukuanguka. Yule mama wa Kibirizi akamgeukia mzee: "Babu, na sisi embe zake tumezila, tukalelewa nazo." Mzee akajibu kwamba hajaukataa mti, amekataa watoto wasiambiwe. Naona hapa ndipo kikao kilifanya kazi ya sanaa kuliko mchana wote uliotangulia. Bundi alikuja na maana mbili zilizokuwa za watu wawili tofauti, kila mmoja akivuta upande wake. Mwembe nao ulikuwa na maana mbili, kivuli na mnyororo, lakini zote ni za watu walewale, waliokaa kwenye benchi moja. Picha ya namna hiyo inaweza kukaa mlangoni miaka mingi bila kuchuja, kwa sababu mtoto ataisoma kwa njia moja akiwa darasa la kwanza na kwa njia nyingine akifika la saba, na njia zote mbili atazikuta kwao.

Mchoraji alikwangua rangi ya zamani kwa msasa, akapiga upya rangi ya chini na kuanza. Safari hii alikuja na karatasi, akaketi uwanjani akachora mwembe uliopo, ule wa karibu na kisima, pamoja na kigogo chake kilichopinda. Chini yake ameweka watoto wanne na bibi mmoja, kitabu kiko mapajani mwa bibi. Wadogo wanaingia. Ndani, baadhi yao humkwepa bundi wa tawini na wengine hushindana kumgusa panya wake.

Limebaki jambo moja ambalo kamati haijaafikiana, na mimi nina upande. Wanafunzi wa darasa la saba, baada ya kusikia habari ya mzee, waliomba chini ya mwembe ichorwe njia, njia tupu ya vumbi inayotoka upande mmoja wa ukuta na kuishia mtini. Mwalimu mkuu anaona itawachanganya wadogo na kuleta huzuni pasipo sababu. Ametaka nyasi, na kwa sasa kuna nyasi. Nimemwandikia nikimsihi akubali njia. Haina mnyororo wala mtu aliyefungwa, hakuna cha kumshtua mtoto anayerudi madrasa usiku. Kwa mdogo itakuwa njia ya kwenda maktaba. Kwa aliyesimuliwa itakuwa ile nyingine. Rangi ya vumbi anayoitaka fundi ameshaichanganya, na kopo liko stoo.